Mwenye Upinde Ndiye Mwenye Samaki

Mume wangu, Elroy Zastrow, ana miaka sabini na minne, na arobaini na tisa kati ya hiyo nimeimaliza mimi nikimsukuma. Simaanishi kumsukuma kwa maneno, ingawa na hayo nimeyatumia mpaka yameisha. Namaanisha kwa upondo. Yeye husimama mbele ya mashua yetu ya bati na upinde wake, mimi husimama nyuma na upondo wa futi kumi na nne, namsukuma polepole katika maji ya magoti kwenye matete ya Ziwa Oberle. Akipatikana karpu, samaki mnene wa matopeni, watu wa mji husema, "Elroy kapiga karpu." Sijasikia hata siku moja mtu akisema Arlys kasukuma.

Sina kinyongo. Naeleza tu mambo yalivyo.

Elroy alifanya kazi kiwanda cha jibini miaka thelathini na minne, hakuchelewa hata siku moja, na katika miaka hiyo yote hakukubali hata siku moja kwamba amekosea. Mwaka tuliohamia kwenye nyumba hii alijenga banda la kuku, mlango akauelekeza kaskazini. Nilimwambia, "Elroy, huko ndiko unakotoka upepo wa Januari." Akaniambia kuku wana manyoya. Kuku wanne waligandishwa na baridi wakawa kama mawe. Nilipomwita aje aone, aliwatazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Wale kuku walikuwa dhaifu tangu mwanzo." Banda lile lipo mpaka leo, na mlango wake bado unatazama kaskazini, ila sasa tunawekea ndani mashine ya kukatia nyasi.

Huyo ndiye mtu wangu. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwake halisikii hata ukimpigia filimbi.

Karpu anawachukia kwa moyo wote. Babake alimwambia kwamba zamani Ziwa Oberle lilikuwa na maji ya kuona mpaka chini, na majani yaliyoleta bata kwa maelfu kila vuli. Karpu si mwenyeji hapa. Aliletwa, akazaana, akachimbachimba matope na kung'oa majani yote, na sasa maji yetu yana rangi ya kahawa ya maziwa. Elroy husimulia habari hiyo kama msiba uliotokea wiki iliyopita. Lakini usidhani chuki hiyo inamzuia kumla. Anamfukiza kwa moshi wa kuni za mtofaa mpaka nyama inakuwa nyekundu, anamla kwa biskuti za chumvi, huku anamtukana. Vichwa navizika mimi chini ya nyanya zangu, na nyanya zangu hazina mpinzani katika mtaa huu.

Sasa kuna samaki mwingine, na ndiye aliyetuletea haya yote. Tunamwita bafalo. Kwa mgongo amefanana na karpu, mnene hivyohivyo, magamba mapana hivyohivyo, na kwenye maji machafu utaapa ni ndugu. Ila yeye ni mwenyeji, alikuwapo kabla ya babu zetu kuja na majembe yao, na anaishi miaka mingi kupita mwanadamu. Tofauti iko mdomoni. Karpu ana sharubu, mbili kila upande. Bafalo hana hata moja.

Miaka minane iliyopita vijana fulani kutoka mji wa mbali walipiga bafalo wengi ziwani kwetu, wakawaacha ufukweni wanaoza. Mama mmoja mtaalamu wa samaki alikuja, akachukua mfupa wa sikio wa mmojawao, ambao husomwa umri kama pete za mti, na baada ya wiki mbili akatuandikia kwamba samaki yule alikuwa na miaka themanini na mitatu. Elroy aliisoma barua ile mezani, akavua miwani, akatoka nje. Alirudi baada ya saa nzima na ubao. Alikuwa ameuandika kwa rangi nyeupe, na kesho yake akaupigilia juu ya mlango wa klabu yetu ya upinde:

TAZAMA SHARUBU KABLA YA KUACHIA MSHALE. MWENYE UPINDE NDIYE MWENYE SAMAKI.

Maana yake, ukileta bafalo kwenye mzani wa mashindano, hakuna cha jua liliniingia machoni, hakuna cha nilisukumwa, hakuna cha fulani aliniambia. Upinde wako unatundikwa kwenye msumari ndani ya klabu misimu miwili. Klabu yetu ni ukoo wa kambare, kila mtu na sharubu zake, kila mtu mkubwa, lakini siku ile wote walinyoosha mkono. Nani angempinga Elroy akiwa na uso ule?

Wa kwanza kunaswa alikuwa mdogo wangu, Gib Wendorf. Ni mdogo wangu wa damu, tumbo moja, ambaye Elroy mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika upinde. Miaka sita iliyopita, Siku ya Karpu, yaani siku ya mashindano yetu ya kila mwaka, jua likiwa kweli limemkaa machoni, Gib alileta bafalo mmoja, mdogo tu, bila kujua. Alimwomba Elroy mbele ya watu. "Shemeji, ni mmoja tu. Unanijua mimi."

Elroy akasema, "Sheria ni msumeno, shemeji. Inakata mbele na nyuma." Akachukua upinde wa Gib kwa mkono wake, akautundika.

Misimu miwili ikaisha, Gib hakwenda kuuchukua. Akanunua mkuki wa meno matano, akawa anaingia majini kwa miguu na buti zake za mpira mpaka kifuani, anachoma karpu mmoja mmoja, peke yake, upande wa pili wa ziwa. Mkuki haumo katika sheria ya klabu wala katika mashindano. Upinde wake ukabaki pale kwenye msumari, ukaota utando wa buibui. Na mimi, kila Sikukuu ya Shukrani, nikawa nakaa kati ya mume na ndugu wasiosemezana, namwomba mmoja ampe mwenzake viazi. Miaka sita ya viazi! Mtu asiniambie mimi habari za uvumilivu.

Basi, jicho.

Jicho la kulia la Elroy, ambalo ndilo analolengea, liliingia ukungu mwaka juzi. Nililijua kabla yake. Aligonga sanduku la barua la jirani kwa pikapu, akasema sanduku limesogezwa. Akamwaga kahawa kando ya kikombe, akasema kikombe ni kidogo. Nikamwambia, "Elroy, hiyo ni mtoto wa jicho. Daktari anaitoa asubuhi, mchana unakula nyumbani." Akaniambia jicho lake ni zima, maji ndiyo yamezidi kuchafuka. Nikamwekea miadi mara tatu. Mara ya kwanza alisema ana kazi. Mara ya pili alisema nyasi zimerefuka. Mara ya tatu alikwenda kabisa, akakaa kwenye pikapu nje ya mlango wa daktari dakika ishirini akisikiliza mechi ya besiboli redioni, akarudi nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nani anakufa.

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo ninapojikasirikia. Nikawa namwonyesha. Mwanzoni neno moja moja, "kushoto, kwenye tete," kama mke yeyote anavyoweza kumsaidia mumewe. Halafu yakawa mengi. "Kulia kidogo. Mbele yako hatua tatu. Futi moja chini. Kichwa kinatutazama. Sasa." Elroy analenga chini ya samaki, kwa sababu maji hudanganya, samaki huonekana juu kuliko alipo. Mikono yake ilikuwa bado inajua kila kitu. Ilichohitaji ni macho tu, na macho nilimpa mimi. Misimu miwili mizima watu wakasema, "Elroy hajazeeka, tazama anavyopiga." Yeye akawa anatikisa kichwa kama mtu aliyesifiwa kwa haki.

Hatukuwahi kulitaja jambo hilo, hata ndani ya mashua. Alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesikiliza redio, bila kujibu.

Siku ya Karpu mwaka huu iliangukia Jumamosi ya kwanza ya Juni, maji vuguvugu, upepo hakuna. Karpu walikuwa wanataga. Ukisikia matete yanatikisika na maji yanapigwapigwa kama watoto wanaoga, ujue jike moja linafukuzwa na madume manne. Kulikuwa na mashua kumi na moja. Elroy alivaa kofia yake ya kiwanda na miwani myeusi ambayo haikumsaidia kitu.

Tulianza vizuri. Karpu saba kabla ya saa tatu asubuhi. Halafu akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu alipiga shina la mti uliozama, tukahangaika robo saa nzima kuutoa mshale.

"Unasukuma kama mtu anayekoroga uji," akaniambia.

"Nini?"

"Mashua inayumba. Mtu atalengaje?"

"Mashua haijayumba tangu asubuhi, Elroy. Kama kuna kinachoyumba humu kimevaa kofia."

"Shika tu upondo, mama. Upinde niachie mimi."

Nitasema kweli, damu ilinipanda. Miaka arobaini na tisa nasukuma, miwili kati ya hiyo naona kwa niaba yake, halafu ninaambiwa nishike upondo! Nilikuwa nimefika hapa, shingoni. Mbele yetu, upande wa kulia, matete yakafunguka, mgongo mpana mweusi ukapita, mapezi juu. Nikasema kwa sauti ya hasira, kama mtu anayetupa ufunguo mezani:

"Karpu, kulia, hatua mbili, nusu futi. Piga basi, si unao upinde!"

Akapiga. Mshale ukaingia nyuma ya kichwa, safi kabisa, uzi uliofungwa kwenye mshale ukakimbia. Akavuta.

Samaki alipofika ubavuni mwa mashua nikamwona mdomo. Ulikuwa laini, mtupu, bila sharubu hata moja.

Elroy alikuwa amempigia magoti, ameinamisha uso, anafungua miba ya mshale na kuuchomoa, kwa mikono, kama afanyavyo siku zote. Nilimtazama usoni. Uso haukusema kitu. Nikajiambia, hajaona. Hawezi kuona. Nikajiambia pia, Mungu anisamehe, afadhali haoni.

Akamtupa kwenye pipa pamoja na wengine. "Mzito," akasema.

"Mzito," nikasema.

Nikasukuma. Alipogeuka kutafuta chupa ya maji, niliingiza mkono kwenye pipa, nikamzamisha yule bafalo mpaka chini kabisa, karpu saba nikawapanga juu yake. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Kwenye mzani tungeshusha karpu wa juu, yule wa chini angebaki, jioni angekwenda kwenye nyanya, na upinde wa Elroy ungerudi ukutani kwetu. Maana kuutundika pale klabu misimu miwili, kwa mtu wa miaka sabini na minne mwenye jicho lile, hiyo si misimu miwili. Huo ungekuwa mwisho wake, na mimi ndiye ningekuwa nimeutamka kwa mdomo wangu. "Piga basi."

Hatukupiga samaki mwingine. Elroy alisema amechoka. Hilo lilitosha kunishtua, lakini sikutaka kulifikiria.

Kwa kuwa mkuki haushindani, mwaka huu klabu ilimpa Gib kazi ya mzani. Alikuwa amesimama nyuma ya meza na aproni ya plastiki, kalamu sikioni. Nyuma yake watu wanachoma soseji, kuna viazi vya siki, kuna pipa la bia. Nilianza kumpa karpu mmoja mmoja mwenyewe, haraka haraka, nikihesabu. Wa saba alipofika nikafuta mikono.

"Basi," nikasema. "Ndio hao."

Gib akaniuliza, "Umefanya haraka, dada, kuna moto wapi?"

"Njaa," nikasema.

Elroy alikuwa nyuma yangu. Alirudi kwenye mashua, nikamwona anaingiza mkono kwenye pipa mpaka kwapani. Alitoka na yule bafalo amemkumbatia kifuani, maji ya matope yakimchuruzika kwenye shati, akaja naye taratibu, akihesabu hatua kama anavyofanya siku hizi, akamlaza mezani mbele ya ndugu yangu.

Gib akamwinua kwa mikono miwili. Akamtazama mdomoni. Akamtazama tena. Huyu ni mtu aliyenyimwa huruma kwenye meza hiihii, kwa kosa hilihili, na aliyekuwa na miaka sita ya kuingoja siku hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilijua neno bafalo analo tayari ulimini.

"Karpu," Gib akasema. "Ratili kumi na tisa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mtazame vizuri, shemeji," Elroy akasema.

"Nimemtazama. Ana sharubu. Upande huu zimekatika kidogo, hukatika wakati wa kutaga."

"Zishike."

"Elroy, acha utoto, watu wanangoja soseji."

"Zishike hizo sharubu, Gib. Zishike watu waone."

Mikono ya Gib haikusogea. Watu walikuwa wameacha kutafuna. Mmoja nyuma akanong'ona, "Ana wazimu huyu mzee? Si ameshasalimika?" Hata mimi nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja changu. Mtu anaokolewa na adui yake mwenyewe, anakataa kuokoka! Umewahi kuona?

"Ni bafalo," Elroy akasema, na akageuka ili wote wasikie. "Jicho langu la kulia halioni. Halioni tangu mwaka juzi. Nimepiga bafalo kwa sababu nilikuwa mbele ya mashua bila macho, na sikutaka kusema. Mwenye upinde ndiye mwenye samaki. Hiyo sheria niliiandika mimi."

Miaka miwili nilikuwa namwomba aseme maneno hayo. Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa kelele, nilimwomba mpaka nikachoka. Akaja kuyasema siku ambayo kosa halikuwa lake. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na siipambi.

Ndani ya klabu kuna msumari mmoja tu. Gib akauondoa upinde wake, akapangusa buibui kwa aproni, akauegemeza ukutani. Kisha akautundika wa Elroy. Aliutundika polepole, akahakikisha haujapinda.

"Pole, shemeji," akasema.

"Ilinipasa nikuambie hilo neno mimi," Elroy akasema. "Miaka sita iliyopita."

Gib akatazama sakafu. "Haya, sasa umeniambia."

Kwenye pikapu, Elroy alinipa ufunguo bila kuombwa. Hajawahi kufanya hivyo. Niliendesha maili mbili tu, kisha maneno yakanitoka.

"Kwa nini ulimfuata yule bafalo kule chini pipani? Kwa nini? Nilikuwa nimeshamaliza kila kitu! Ningemzika chini ya nyanya, hakuna ambaye angejua!"

"Najua ungemzika."

"Unajua nini, wewe?"

"Nilimgusa mdomo wakati namtoa mshale." Akainua kidole gumba, akakitazama. "Hiki hakihitaji miwani. Nilijua palepale."

Nikapunguza mwendo. "Kule majini?"

"Kule majini."

"Na ulinisikia ninavyomficha?"

"Unapumua kwa nguvu ukiinama, Arlys."

"Sasa mbona ulinyamaza? Saa nzima, Elroy! Umekaa saa nzima mbele yangu kimya kama gogo!"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilikuwa nakungoja uniambie," akasema.

Tulikuwa tumefika kwenye lile sanduku la barua aliloligonga. Nikasimamisha gari pale. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka samaki. Miaka miwili namsema kwa kutokukubali. Namsema kwa jirani, kwa Gib, kwa daktari kwenye simu. Kichwa kigumu, kichwa kigumu. Na hapa nilipata saa moja tu ya kukubali kosa moja, nikaipoteza yote kupanga karpu juu yake.

Nikageuza pikapu.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kaa kimya, mzee."

Watu walikuwa bado wanakula. Nilikwenda kwenye mashua tuliyoiacha ufukweni, nikauchomoa upondo, nikaubeba begani mpaka mlangoni, chini ya ubao wa Elroy. Nikagonga mlango kwa ncha yake mpaka wote wakageuka.

"Yule bafalo," nikasema, "mimi ndiye niliyesema piga. Misimu miwili Elroy haoni, mimi ndiye ninayemwonyesha. Kila karpu mliyemsifia, niliona mimi. Na leo nilisema karpu bila kutazama mdomo, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Halafu nikamficha pipani, chini ya karpu. Elroy alijua, na hakunitaja."

Gib akakuna shingo. "Dada," akasema, "sheria inasema mwenye upinde. Haisemi kitu juu ya upondo."

"Kwa sababu iliandikwa na mtu ambaye hajashika upondo maishani mwake."

Kuna aliyecheka, halafu wengine, hata Gib. Elroy alikuwa mlangoni nyuma yangu, na sikugeuka kumtazama, nilikuwa naogopa kulia mbele ya watu wa soseji.

Nikauingiza upondo ndani. Msumari haukuweza kuubeba, na wenyewe ni mrefu kuliko chumba. Nikauegemeza kwenye kona, chini ya upinde wake. Futi mbili zikabaki nje ya mlango.

Elroy akaja, akaupapasa kwa kiganja mpaka akaipata ncha iliyotokeza nje.

"Mlango hautafungika," akasema.

"Usifungike."

"Misimu miwili?"

"Misimu miwili."

Akasimama pale kidogo, mkono wake bado juu ya upondo. Halafu akasema Jumanne nimpigie daktari simu, na safari hii niingie naye mpaka ndani, ila asipoona vizuri zile herufi za ukutani, nisije nikaanza kumnong'oneza.